Safu Mbili za Vaimatua

Logan, Queensland
4 Machi 2018

Baba Mdogo Peniamina,

Shikamoo. Huku hatujambo, ni joto tu linalotutoa roho. Kitabu kimefika salama. Binamu alikileta kimefungwa kwenye shuka pamoja na mfuko wa koko ya kunywa, kwa hiyo meza yangu yote inanukia kama jikoni kwa Mama Mdogo Seluia. Mwenye kampuni yetu ya vitabu ameshaniuliza mara mbili kama nimefungua mgahawa.

Nimekifungua kwa adabu. "Salamu za Vaimatua, zimepangwa na Mwalimu Peniamina, 1979." Nilikuwa sijazaliwa. Vyeo vyote vya kijiji chetu vimo, na kila mtu anavyostahili kusalimiwa barazani kabla kava haijanywewa. Nimeona fahari, nakuambia kweli.

Ila kina kazi. Kila ukurasa una safu mbili kama pande mbili za kijiji, upande wa Bahari na upande wa Mlima. Kwenye karatasi haina shida, jicho linajua pa kwenda. Lakini hivi vishikwambi vya kusomea havijui ukurasa ni nini. Mtu akikuza herufi, maneno yote yanamwagika na kujipanga upya. Mashine yetu ya kuskani ndiyo kabisa: imesoma mstari moja kwa moja kutoka kushoto hadi kulia bila kusimama katikati, ikamtoa mzee mmoja wa Bahari na kumkalisha Mlima katika nyumba ya mke wa mtu. Nimecheka mpaka machozi.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuweka kila ukurasa kama picha. Safu zitabaki kama zilivyo, lakini herufi hazitakuzwa, na kwenye simu zitakuwa sisimizi. Ya pili ni jedwali, ila vioo vidogo hukata safu ya kulia ikapotea. Ya tatu ni kupanga safu moja, ikiisha ifuate nyingine. Vijana wetu wa hapa na wa Auckland wanakitaka kabla ya Julai, waje nacho siku ya kumsimika mkuu mpya wa Bahari. Niambie, nifuate ipi?

Ungekubali nikupigie simu tungemaliza kwa dakika tano.

Mwanao,
Fuatino

Tena: mbona mwandiko wako umekuwa mkubwa kama wa mtoto wa darasa la kwanza?


Vaimatua, Savai'i
27 Machi 2018

Mwanangu Fuatino,

Marahaba. Simu siitaki. Neno la simu likishasemwa limekwenda, na kesho kila mtu ana lake. Barua inakaa sandukuni, ukibisha naitoa.

Mwandiko ni kalamu mpya, nene. Miaka mitatu darasani nilikusahihisha wewe, leo umepata cha kunisahihisha umefurahi. Haya, furahi.

Kitabu kile nilikipanga na Aukuso wa upande wa Mlima. Wiki tatu tulikaa meza moja, tunagombana na kunywa koko. Wewe uliondoka hapa una miaka tisa, lakini bila shaka unakumbuka siku ya kava: mimi nasimama nguzo ya mashariki ya nyumba ya baraza, Aukuso nguzo ya magharibi, tunafungua vinywa kwa pamoja na tunamaliza kwa pamoja. Mgeni husikia kelele. Sisi tunasikia kijiji. Basi safu zile ndizo sisi wawili.

Mengine amua wewe, fundi ni wewe. Mimi nilifundisha watu kusoma, mashine sikufundishwa. Neno moja tu: usiweke picha. Wako wazee watakaotaka kuzikuza herufi.

Seluia anakusalimu. Anasema shuka lake lirudi.

Baba yako mdogo,
Peniamina


Logan
15 Aprili 2018

Baba Mdogo,

Shikamoo. Shuka linarudi na binamu, pamoja na kishikwambi chenye kitabu ndani. Barua hii nimeipiga chapa pande zote mbili ili mzigo wake usizidi, usisahau kugeuza.

Picha sikuweka, kama ulivyosema. Jedwali nililijaribu kwenye vifaa sita, vinne vikamkata Mlima katikati. Basi nimefuata njia ya tatu, safu moja baada ya nyingine. Na nimekuta kosa la mpiga chapa wako! Ukurasa wa kwanza Bahari iko kushoto, wa pili Mlima ndio uko kushoto, wa tatu Bahari tena, hivyo hivyo mpaka mwisho. Sijui alikuwa amelewa. Nimemnyoosha. Sasa salamu za Bahari zote ziko pamoja, zinatiririka vizuri, na zikiisha zinaanza za Mlima.

Lakini sitakitoa bila neno lako. Ukurasa wa kwanza wa kitabu chako Bahari ndiyo iko kushoto, ndiyo maana nimeitanguliza. Je, ni sawa Bahari itangulie yote, Mlima ufuate? Tafadhali kisome mpaka mwisho, halafu unijibu hilo moja. Kama si sawa nitapangua, kazi ya siku mbili tu.

Mwanao,
Fuatino


Vaimatua
6 Mei 2018

Mwanangu,

Kishikwambi nimekipokea. Nimesoma chote, mara mbili. Hakuna kosa. Kitoe.

Magimbi mwaka huu yamekubali, na nguruwe wa Aukuso ameyaingilia, na Aukuso anasema ni nguruwe wangu. Tumebishana tangu asubuhi. Nguruwe mwenyewe amelala.

Baba yako mdogo,
Peniamina


Logan
29 Julai 2018

Baba Mdogo,

Shikamoo. Najua siku ya kusimika imepita na mimi nimeikosa, likizo walininyima. Vijana wamerudi jana, lakini nikiwauliza kila mmoja ananiambia, "Dada, ulizia nyumbani." Wana nini hawa? Walisoma kitabu? Watu walisemaje? Nimekaa na simu mkononi kama mwenye mgonjwa.

Nijibu haraka. Hata mistari miwili.

Fuatino wako


Vaimatua
20 Agosti 2018

Mwanangu Fuatino,

Sherehe ilikuwa kubwa. Mvua ilinyesha kidogo. Vijana walisoma kitabu kutoka kwenye simu zao mbele ya baraza zima, watoto wa pande zote mbili kwa sauti moja. Walisoma vizuri, hawakukwama hata jina moja. Walipofika katikati upande wa Mlima walisimama wote.

Umefanya kazi kubwa, usiwe na wasiwasi. Mimi niko salama, goti tu linanisumbua.

Baba yako mdogo,
Peniamina


Logan
9 Septemba 2018

Baba Mdogo,

Shikamoo, na tena shikamoo! Walisimama wote! Nilimsomea mwenye kampuni barua yako, naye akanunua keki. Sijawahi kutengeneza kitabu watu wakasimama kukipongeza.

Jambo moja linanitatiza. Kanisani hapa wale akina mama wa upande wa Mlima hawanisalimii. Jumapili nilimpelekea mmoja sahani ya nyama, akasema ameshiba, na alikuwa ndiyo kwanza anaingia. Mimi nimewakosea nini? Au ni ile safari ya kwaya niliyosahau kuwapigia?

Goti limepona? Paka mafuta, usijifanye kijana.

Fuatino


Vaimatua
1 Oktoba 2018

Fuatino,

Mimi ni Mama yako Mdogo Seluia. Sina mazoea ya kuandika barua, lakini hii ya kwako ya keki nimeisoma na nimeshindwa kunyamaza. Baba yako mdogo hajui kama nakuandikia.

Mlima hawakusimama kukipongeza kitabu chako. Walisimama wakaondoka.

Mwanangu, wewe ulisahau au hukufundishwa? Katika kijiji hiki hakuna wa kwanza. Kava inatolewa kwa vikombe viwili, wabebaji wanaondoka kwa hatua moja. Wasemaji wanaita pamoja kwa sababu hiyo hiyo. Na zile safu ulizosema mpiga chapa alilewa, ni Peniamina na Aukuso walioamua zibadilishane upande kila ukurasa, ili hata kushoto pasiwe pa mtu mmoja. Siku ile watoto walisoma Bahari, Bahari, Bahari. Mlima walikaa na wageni wao kutoka Auckland, wanangoja jina lao. Dakika kumi nzima wamekaa kama wapishi. Jina lao halijafika, wakanyanyuka.

Jioni baraza likauliza nani aliyepanga hivyo. Peniamina ni mtu wa Bahari, na mkuu anayesimikwa ni wa Bahari, unaona ilivyoonekana. Angeweza kusema ni mtoto wa kaka yangu, yuko mbali, hakujua. Alisema, "Ni mimi. Ni mkono wangu." Aukuso akasimama mbele ya watu wote akamwambia, "Wewe mtu, tulikaa meza moja wiki tatu. Niambie si wewe, nami nitaamini." Peniamina akarudia, "Ni mimi."

Alfajiri akachukua mkeka wetu wa heshima, ule wa mama yangu, akaenda kupiga magoti kuomba radhi mbele ya nyumba ya mkuu wa Mlima, amejifunika nao kichwani. Hiyo ndiyo mvua kidogo aliyokuandikia. Ilimnyeshea mpaka adhuhuri. Mimi nilikaa barabarani nikimwangalia, siruhusiwi kumgusa. Ndipo mkuu akatoka, akaufunua mkeka, akamwinua. Kwa baraza yameisha.

Kwa Aukuso hayajaisha. Hakutoka. Nyumba yake inatazamana na yetu, na sasa akienda kanisani anapita njia ya nyuma, kwenye matope. Mimi nimemuuliza. Alinijibu, "Kunikosea nimeshamsamehe. Lakini amenidanganya mbele ya watu na anadhani sijui." Wasemaji wengine wameletwa wasimame badala yao, Aukuso amekataa kuita na mwingine. Kava ya Septemba ilinywewa kimya, kama msiba.

Na la mwisho. Baba yako mdogo haoni. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, mwaka wa pili huu, na hospitali hataki kwenda. Barua zako huwa anazipeleka juani, anasoma kwa lenzi mstari mmoja mmoja mpaka macho yanamkatalia, kisha anazikunja na kusema amemaliza. Ile yenye swali nyuma hakuigeuza. Kishikwambi chako nilimkuta nacho amekishika kichwa chini, anatikisa kichwa kama anayesoma. Hakujua pa kubonyeza kukuza herufi, na kuuliza watoto aliowafundisha yeye mwenyewe kusoma aliona aibu. Mimi pia nilimwona, nikanyamaza, nikasema nimwachie heshima yake. Hilo ni langu, nalibeba mwenyewe.

Seluia


Logan
14 Oktoba 2018

Baba Mdogo,

Mama Mdogo ameniambia. Usimgombeze. Mwambie akusomee barua hii yote, mbele na nyuma.

Nimelia siku tatu, halafu nikakasirika. Kwa nini hukuniambia? "Fuatino, sioni" ni maneno mawili. Nami najua ungejibu nini: na wewe kwa nini hukujua? Ni kweli. Nina miaka thelathini na minne, nimekaa chini ya nguzo ile nikiwa mtoto nikisikia sauti zenu mbili kwa pamoja, halafu nikachukua kitabu chenu na kusema mtu alilewa. Kazi yangu ni kupanga maneno ya watu. Niliona safu, sikuwaona nyinyi. Nisamehe. Na ule mkeka ulikuwa wa kichwa changu, si cha kwako.

Kitabu nimekiondoa kila mahali. Nimekaa nacho upya na nimeshaelewa kwamba kioo kidogo hakitawaweka watu wawili bega kwa bega, hata nifanyeje. Lazima mmoja atangulie. Basi nimetengeneza vitabu viwili. Kimoja kinaanza na Bahari, kingine kinaanza na Mlima. Chenye Bahari mbele watapewa watu wa Mlima, na chenye Mlima mbele watapewa watu wa Bahari, kila mmoja afungue amkute mwenzake amemtangulia. Niambie kama hilo linafaa. Safari hii sitatoa mpaka nisikie sauti yako, hata kama ni ya simu.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, ya Mzee Aukuso. Nimemwandikia ukweli wote: kwamba ni mimi, kwamba wewe ulinifichia, na kwamba ulimdanganya kwa sababu yangu na ya macho yako. Ningeitia posta moja kwa moja kwake, lakini kwetu radhi haitumwi kwa stempu. Mpelekee wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Ni kuvuka njia tu. Nakuomba, usikawie.

Mimi nakuja Desemba, tikiti ninayo. Tutakwenda wote hospitali Apia, hata kama ni kukubeba.

Mwanao aliyekukosea,
Fuatino


Vaimatua
25 Novemba 2018

Mwanangu Fuatino,

Anayeandika ni Seluia, anayesema ni mimi. Amekula kiapo hataongeza lake.

Barua yako ilifika mwishoni mwa Oktoba. Vitabu viwili ni sawa. Ni sawa kabisa. Nilipoelezwa nilisema, mbona sisi tulikuwa wawili na hatukuliwaza hili. Vitoe.

Ya Aukuso niliiweka mfukoni. Nilijiambia nitampelekea Jumapili, baada ya ibada, akiwa ameshiba. Jumapili ikaja na mvua. Nikasema Jumapili ya pili. Mvua ni kisingizio, mwanangu. Barua ile ilikuwa inamwambia rafiki yangu kwamba mimi ni kipofu na mwongo, na kwamba mtoto ana ujasiri kunishinda. Nilitaka kwanza nizoee. Kila asubuhi nilikuwa naigusa mfukoni kuona kama ipo, ipo, nakunywa koko, siku inapita.

Aukuso amefariki Alhamisi ya tarehe kumi na tano. Moyo. Alikuwa anatengeneza uzio wa yule nguruwe.

Mlima hawakuwa na wa kumwitia salamu. Mkuu wao akamtuma mtu kwangu. Nikamwambia, "Mimi nilistaafu pale nilipopiga magoti." Mtu yule akasema, "Mkuu ameagiza usipokubali nikuburute." Seluia akanivalisha, akanishika mkono mpaka nyumba ya baraza. Sikuuliza ananipeleka nguzo gani. Nilipoigusa nikasikia lile kovu la shoka ambalo nguzo yangu haina, nikajua ni ya magharibi, ya Aukuso.

Nikaita safu yake. Naijua, niliiandika kwa mkono wangu, macho hayahitajiki. Lakini nikuambie jambo. Miaka thelathini na tisa tumeita pamoja, na siku ile ndiyo mara ya kwanza nimeisikia. Siku zote nilikuwa naita yangu. Ni nzuri, Fuatino. Ina mahali fulani katikati inaposhuka polepole, majina ya mama zao, sikuwahi kujua kama yeye alikuwa anashuka pale. Huenda hakuwa anashuka. Sina wa kumuuliza.

Nilipomaliza, watu walingoja nivuke niite ya Bahari. Sikuvuka. Nilinyamaza nikaihesabu moyoni, jina kwa jina, mpaka mwisho, muda ule ule ambao yeye angekuwa anaita. Hakuna aliyekohoa. Hata Seluia, na wewe unamjua. (Ni kweli. S.)

Barua yako kwa Aukuso sikuifungua. Nimeiweka mkononi mwake kabla hawajafunika jeneza. Kama nimekosea tena, utaniambia ukija.

Njoo. Hospitali nitakwenda, sitabishana. Nataka kuiona nyumba ya Aukuso kabla hawajaivunja. Leo asubuhi nilijaribu kwenda mwenyewe kwa fimbo, kutoka mlango wangu mpaka mlango wake. Ni hatua arobaini.

Baba yako mdogo,
Peniamina